Nilivyomtoa Mzee wa Watu Nje, kwa Dubu

Nimewahi kumtoa binadamu mwenzangu nje akakutane na dubu. Kwa mdomo wangu huu huu.

Halafu nikakaa chini nikamshukuru Mungu.

Ngoja niwasimulie, maana jambo hili limenikaa kooni tangu Oktoba, na kaka yangu ameniruhusu nilitoe.

Naitwa Rhoda. Naendesha basi la shule huku Tennessee, huu mwaka wa ishirini na mbili. Watoto sitini nyuma yangu kila asubuhi, nikisema "kaa" wanakaa. Kwenye njia ya milimani kila mtu hubatizwa jina la utani na wenzake, na mimi siku ya kwanza tu nikaitwa Honi.

Kwa sababu ya sauti.

Kaka yangu Delbert, miaka sitini na moja, wakamwita Kobe. Mliomwona akipanda mlima mnajua kwa nini.

Delbert ana kisukari, kile cha kujichoma sindano kabla ya kula. Alitaka tutembee siku sita juu ya mgongo wa milima, mpakani na North Carolina, kabla miguu haijamgomea kabisa. Nikamwambia sawa, ila mkuu wa chakula ni mimi.

Akacheka. "Wewe ni mkuu wa chakula tangu mama afariki, mdogo wangu. Nani atabisha?"

Asubuhi ya kwanza tukaamka kwenye kibanda cha wapanda milima, panya wameshafanya yao. Wametoboa begi langu ubavuni, wamekula shayiri yote ya uji, wamekata soksi. Mmoja kajisaidia ndani ya kikombe changu. Kosa langu. Begi nililining'iniza kwenye kamba bila lile kopo la bati linalofungwa juu yake ili panya ateleze.

Nikaapa. Hawatanipata tena.

Kuanzia hapo nikageuka askari wa forodha.

"Kila kitu ndani ya mfuko mmoja, na mfuko unapanda juu," nikamwambia Delbert. "Nyama kavu, zabibu, dawa ya meno. Na hizo pipi zako."

"Rhoda, pipi kwangu ni dawa. Sukari ikishuka..."

"Ikishuka utaniita. Niko hatua mbili tu."

"Na nikishindwa kuita?"

"Delbert, usinichoshe."

Nikampekua mifuko ya koti na ya suruali kama mtoto wa darasa la tatu aliyeiba chaki. Akasimama pale mikono juu, mtu mzima mwenye wajukuu wanne.

Mimi nikadhani amekubali.

Siku ya tatu ukungu ulishuka, na mvua ile ya manyunyu isiyoisha. Saa saba mchana Delbert alikuwa hoi. Tukaingia kwenye kibanda kilichokuwa karibu, tulale hapo hapo.

Kile kibanda kina kuta tatu za mawe. Upande wa mbele umezibwa kwa waya wa chuma kuanzia sakafuni hadi darini, na kigeti cha waya kinachofungwa kwa mnyororo. Waliweka waya zamani kwa ajili ya dubu. Yaani watu mnakaa kwenye kizimba, wanyama wanapita nje wanawatazama.

Tulimkuta mzee mmoja ndani, miaka sabini na kitu, mwembamba, koti la mvua limezibwazibwa kwa utepe wa gundi. Kiunoni kaning'iniza kijiko cha mbao kikubwa kama kafi.

"Karibuni ikulu," akasema. "Naitwa Kijiko. Msiniulize kwa nini."

Delbert akacheka mpaka akakohoa. Wakapatana papo hapo, wale wawili. Wakatandika mifuko yao ya kulalia kona moja, mkono wa kulia, begi la mzee likiwa karibu na kichwa cha Delbert.

Kisha mzee akaacha utani.

"Chakula chenu kipandisheni sasa hivi. Kuna dubu jike anazunguka hapa. Jana vijana wawili wameshuka mlima na njaa, amewamalizia kila kitu mchana kweupe. Haogopi mtu."

Nje, hatua kama thelathini, kuna nyaya za kupandishia mifuko juu kati ya miti miwili. Makapi mengi ya kupitishia waya yalikuwa yamevunjika, limebaki moja zima. Nikafunga mfuko wetu na wa mzee pamoja, nikavuta, nikaibana ndoano kwenye mti.

Nikarudi ndani najisikia mwamba.

Saa nane Delbert akajichoma sindano ya mlo wa mchana. Nikamwambia tulia, nakuletea mkate wa mahindi na siagi ya karanga. Nikashika mnyororo wa kigeti.

Nikamwona.

Alikuwa amesimama chini ya mifuko yetu, mweusi, kalowa, mkubwa kuliko nilivyowahi kufikiri dubu wa huku anaweza kuwa. Nimewaona wengi. Wengi wao ukipiga kelele wanatimua mbio.

Nikapiga. "WEWEEE! Toka!"

Aliacha kutazama mifuko. Akageuza kichwa, akanitazama mimi.

Halafu akaanza kuja. Taratibu, kama mtu anayekwenda dukani.

Mnyororo nikauzungusha mara tatu, nikakosa fundo, nikazungusha tena.

"Usikimbie, usimkazie macho," mzee akanong'ona. "Rudi nyuma."

Dubu akafika kwenye waya. Akanusa kigeti, akakiacha. Akanusa katikati, akaacha. Akaenda kona ya kulia, pale pale walipotandika Delbert na mzee, akaingiza pua kwenye tundu la waya.

Nilisikia pumzi yake. Nilisikia harufu yake, kama mbwa aliyelowa na kitu kilichooza.

Akasimama kwa miguu miwili. Akaegemea.

Tink.

Msumari mmoja ulioshika waya kwenye nguzo ukaruka, ukaangukia sakafuni. Nguzo ilikuwa imeoza. Tulikuwa tunakaa nyuma ya waya uliofungwa kwenye mti uliooza, jamani.

Tink. Wa pili.

"Nani ana chakula humu ndani?" Sauti ilinitoka nyembamba, siitambui. "Hawezi kuacha mifuko miwili kule akaja hapa bure. Nani ana chakula?"

Delbert akatazama sakafu.

Na hapo hapo, mbele ya macho yangu, panya akachomoza kwenye begi la mzee. Kadogo, kajivu. Mdomoni kabeba karanga nzima. Akatutazama, akarudi ndani ya begi.

Damu ikanipanda kichwani.

"Wewe mzee! Unatuhubiria tupandishe chakula, kumbe wewe unacho! Unataka kutuua?"

Mzee alitazama begi lake. Alishangaa, nakumbuka vizuri alishangaa. Kisha akamtazama Delbert, akamtazama kwa muda. Delbert uso umemwiva.

Mzee akashusha pumzi. "Ni mimi," akasema.

"Basi toka nacho!"

"Rhoda, subiri kidogo," Delbert akaanza.

"Wewe nyamaza! Mzee, toka nacho! Umeleta mwenyewe, ondoka nacho mwenyewe!"

Ile ndiyo sauti ya basini. Ile ambayo nikiitumia watoto wanakaa.

Tink. Msumari wa tatu.

Mzee hakubishana. Alivaa begi, akachukua sufuria yake ya bati kwa mkono mmoja na kijiko kwa mkono wa pili. Nikamfungulia kigeti upande wa kushoto, mbali na dubu. Nilimfungulia mimi, kwa mikono hii. Akatoka, nikafunga mnyororo nyuma yake.

Akaanza kupiga sufuria. Kang! Kang! Kang! "Haya mama, twende! Njoo huku! Njoo!"

Dubu akashuka kwenye waya. Akamfuata.

Mzee alitembea kinyumenyume kwenye matope, anapiga sufuria, anaongea naye kama anaongea na ng'ombe mkorofi. Ukungu ukammeza yeye kwanza. Kisha ukammeza dubu.

Sufuria ikasikika, ikafifia. Ikanyamaza.

Na mimi nikakaa chini, mgongo ukutani, nikasema, "Asante Mungu."

Hivyo ndivyo nilivyosema.

Zilipita kama dakika ishirini. Nilikuwa nautafuta msumari sakafuni niurudishe kwa jiwe, niliposikia tawi linavunjika.

Dubu alikuwa amerudi.

Peke yake.

Alipita kigeti bila kukinusa. Akaja moja kwa moja kona ya kulia. Kwa Delbert.

Begi la mzee limeondoka, mzee mwenyewe ameondoka, sasa huyu mnyama anafuata nini? Na amemfanya nini mzee?

"Delbert," nikaita. "Delbert, sogea huku."

Hakusogea. Nikamgeukia.

Alikuwa mweupe kama unga. Jasho linamchuruzika kwenye nyusi na baridi yote ile. Midomo inacheza.

"Basi... basi limechelewa," akasema.

"Nini?"

"Limechelewa, Honi. Mwambie... mwambie mama."

Sindano! Alijichoma saa nane, na hajatia kitu mdomoni. Dawa ilikuwa inashusha sukari mwilini mwake tangu muda ule, na mimi nilikuwa nahangaika na misumari.

Nikamshika mashavu. "Delbert, una pipi? Ulificha? Sema tu, sikugombezi. Ulificha?"

Mkono wake ukatambaa mpaka chini ya mfuko wake wa kulalia, ukazamisha vidole kati ya ubao wa sakafu na ukuta. Ukatoka na mfuko wa plastiki. Nikaunyakua.

Makaratasi matupu. Karatasi za pipi zimetafunwa vipande vipande. Pakiti ya karanga za sukari, imetobolewa chini, haina hata moja. Vipakiti vitatu vidogo vya asali, vimetobolewa na meno, asali imevuja kwenye mawe ya ukuta, imeteremka mpaka nje.

Nje, ambako dubu alikuwa analamba jiwe.

Panya walikuwa wamemaliza kazi tangu tulipotandika. Karanga walizihamishia kwenye begi lililo karibu, wajiwekee akiba kama kawaida yao. Begi la mzee.

Nilielewa yote kwa mara moja, na sikuwa na muda wa kulia.

Kaka yangu alikuwa anakufa mbele yangu. Chakula kiko hatua thelathini, juu ya mti. Dubu yuko hatua nne.

Delbert akafumba macho.

Nikafungua mnyororo.

Wanasema ukiogopa sana husikii kitu. Uongo. Mimi nilisikia kila kitu. Nilisikia ulimi wa dubu kwenye jiwe, nilisikia matope yakinyonya viatu vyangu, nilisikia meno yangu mwenyewe. Nikatembea. Nilitamani kukimbia mpaka misuli ya mapaja ikauma, lakini nikatembea.

Nilipofika kwenye mti vidole vimekufa ganzi. Ndoano imebana. Nikaipiga kwa kiganja. Nikaipiga tena. Ulimi ukaacha kulamba.

Sikugeuka.

Ndoano ikafyatuka, mifuko ikashuka kwa kishindo, kapi likalia kama nguruwe. Nikapiga magoti kwenye matope, nikachana mfuko wetu kwa meno. Mkate, sio huo. Nyama, sio hiyo. Asali iko wapi? Chupa ya asali niliitia mwenyewe, chini kabisa, kwa sababu ni mimi mkuu wa chakula na kila kitu nimekipanga!

Nikaishika.

Nikageuka. Alikuwa amesimama kati yangu na kibanda.

Aliutazama mfuko. Akanitazama. Akapiga taya, tak, tak, tak, akapuliza kwa nguvu na kugonga ardhi kwa mguu wa mbele. Nilihisi mtikisiko kwenye magoti. Suruali ikapata joto, ndiyo, nilijikojolea, siwafichi.

Sauti yangu ya basini nikaitafuta, haipo. Kilichotoka ni kama mlio wa paka.

KANG!

Kutoka kwenye ukungu.

KANG! KANG! "Mama Honi! Acha mfuko! Uache hapo hapo, zunguka kushoto! Usimpe mgongo!"

Mzee Kijiko. Matope mpaka kifuani, kofia hana, damu kwenye paji la uso. Anakuja na sufuria yake.

Nikauacha mfuko. Chakula chote cha siku tatu, chetu na cha mzee, nikakiacha pale nikazunguka, hatua moja, hatua moja, chupa nimeikumbatia. Dubu akautazama mfuko, akanitazama, akachagua mfuko.

Tukaingia ndani pamoja. Mzee akafunga.

Delbert alikuwa amelegea. Nikamkamata kidevu nimnyweshe, mzee akanishika mkono.

"Usimmiminie, utampalia. Mlaze ubavu. Paka kwenye fizi, ndani ya shavu. Kidogo kidogo. Hivi."

Akachovya kidole, akampaka. Akachovya, akampaka. Alijua anachofanya. Nje tulisikia dubu anachana plastiki.

"Mke wangu alikuwa na ugonjwa huu," akasema bila kuinua macho. "Miaka thelathini na moja. Nilimwona kaka yako akificha ule mfuko, nikajua ni wa nini."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Ungemnyang'anya."

Nikamfuta Delbert asali kidevuni, mzee akaendelea.

"Nilijua ana sukari yake karibu, yuko salama. Nikasema mimi nitamvuta dubu mpaka bondeni, nitarudi mkishakula. Kumbe dubu kafika njiani akageuka. Kumfuata nikaanguka korongoni." Akachovya tena kidole. "Alipogeuka ndipo nikajua harufu iko huku. Ila hilo la panya kumaliza kila kitu, hilo sikulijua."

Baada ya muda niliouona kama mwaka, Delbert akatoa ulimi akalamba mdomo.

Akafungua jicho moja. Akanitazama, akaitazama ile chupa.

"Rhoda," akasema, sauti nzito. "Hiyo asali umeiombea kibali?"

Nikalia kama mtoto. Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Nje dubu alikuwa anamaliza mkate wetu wa mahindi, na sisi watatu ndani tunacheka na kulia kwa pamoja.

Hatukutoa mguu nje tena mchana ule. Asubuhi tulishuka mlima, saa saba za kutembea, watu watatu na nusu chupa ya asali. Nilimpa Delbert aishike mwenyewe.

Chini, kwenye ofisi ya askari wa hifadhi, mzee alitangulia kuingia kutoa taarifa huku mimi nikimpeleka Delbert apimwe. Tulipotoka alikuwa ameshapata lifti. Hatukuagana.

Mngefikiri imeishia hapo.

Wiki mbili baadaye simu ikaita. Mama mmoja wa ile ofisi, mpole, anataka tu nithibitishe. Akanisomea taarifa. Ilisema chakula kilichofichwa kibandani kilikuwa cha mzee. Kwamba alikileta kwa uzembe wake, kwamba ndugu wawili waliokuwepo hawakuwa na kosa lolote. Amesaini chini. Kwa kosa hilo amezuiwa kulala kwenye vibanda vya milima ile kwa miaka miwili.

Mtu wa miaka sabini na kitu. Miaka miwili.

"Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa, mama?" akauliza.

Nilikuwa nimeegesha basi nje ya shule. Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua.

Siku iliyofuata niliomba ruhusa kazini, nikaendesha kwa saa mbili mpaka kwenye ile ofisi. Delbert akasema anakuja. Tukasimama mezani pale, yeye akasema, "Zilikuwa zangu, niliziweka mimi." Mimi nikasema, "Aliziweka kwa sababu alikuwa ananiogopa. Andika hivyo."

Yule mama akasema fomu haina sehemu ya hilo.

"Andika pembeni," nikamwambia.

Wakamfutia mzee adhabu. Ile miaka miwili tukapewa mimi na Delbert. Sawa kabisa.

Yule dubu, watu wa hifadhi hawakuweza kumwokoa. Walijaribu kumtisha kwa fataki na risasi za mpira, akarudi kibandani mara tatu, mara ya mwisho kuna watoto ndani. Novemba wakampiga risasi akafa. Nilizipata habari hizo nikiwa kwenye basi tupu, nikakaa nazo.

Mkienda milimani, pandisheni chakula, wekeni kopo kwenye kamba, panya hawana huruma na dubu hasahau. Hayo mtaambiwa na kila mtu.

Langu mimi ni moja. Ukiwa mkali mpaka mtu wako akaogopa kukuomba kile kinachomweka hai, atakificha. Na akikificha, siku ya kukihitaji hatakikuta, na wewe utakuwa unamfokea mtu mwingine kabisa.

Mzee nilimtafuta mwezi mzima. Jina lake la kweli ni Orval, anaishi peke yake, anakarabati viti. Nilipogonga mlango akanitazama miguuni mpaka kichwani, akauliza, "Umekuja na dubu?"

Nikasema hapana, nimekuja kuomba msamaha.

"Basi ingia," akasema. "Ila sauti ipunguze, jirani analala."